Futari ya Bi Ihsan

Alhamisi ya tarehe kumi na sita Oktoba, saa kumi na mbili na dakika tano jioni, zikiwa zimebaki kama dakika ishirini adhana ya magharibi isomwe, Bi Ihsan alifariki jikoni kwake akiwa amefunga. Arobaini yake ilipopita, mumewe, Haji Bayumi, alirudi kwenye benchi la mkahawa wa Sayyid, kona ya mtaa wa Muharram Bei, akakaa pale pake pa miaka thelathini, mwisho wa benchi, ukutani. Sayyid alimletea kahawa isiyotiwa sukari, kahawa ya msiba. Haji aliwakuta hapo wenzake wawili: Tramu, aliyeendesha tramu za Iskandaria mpaka akastaafu, na Mizani, muuza nafaka, asiyeacha neno lipite bila kulipima.

—Mimi nasema Daktari Radwa katudanganya, alianza Tramu. Miaka miwili anamtoa Bi Ihsan damu, eti anatafiti uzee. Akasema wanaofunga Jumatatu na Alhamisi wanakawia kuzeeka.

—Hakusema. Alisema anachunguza.

—Alisema mwili wa Bi Ihsan unachoma chakula kama wa mwanamke wa miaka hamsini. Nilisikia kwa masikio yangu!

—Masikio yenyewe yaliliwa na kengele ya tramu.

Haji Bayumi alisikiliza tu. Hasira hakuwa nayo. Alitamani mtu yeyote amwambie jambo moja la Ihsan ambalo yeye hakulijua, apate kuwa naye tena kidogo.

—Sikilizeni, alisema Mizani. Kila mtu anazaliwa na gunia lake la ngano. Anayechota taratibu, gunia linadumu.

—Lako basi liliisha zamani. Litazame tumbo hilo!

—Hii ni akiba.

—Mwili ni tramu, bwana. Ukiupumzisha siku mbili kwa wiki, breki haziliki. Radwa ana panya kule chuoni, wanafunga, na wanaishi muda mrefu kuliko wenzao.

—Panya wanafunga?

—Wananyimwa chakula mpaka saa maalumu.

—Hiyo si saumu, ni njaa! Panya ana nia?

—Nia anawawekea daktari.

—Na thawabu je?

—Anachukua yeye. Unadhani kwa nini hazeeki?

—Na kobe, je? Baridi nzima hali kitu, na anaishi miaka mia. Wallahi kobe anatia nia!

Haji Bayumi alicheka, mara ya kwanza tangu msiba, kisha akaona haya, akainamisha kichwa.

Wakati huo Daktari Radwa mwenyewe alitokea, daftari kwapani. Tramu alisogea haraka kumpisha, mpole kama si yeye.

—Ami Haji, Mungu akuzidishie subira.

—Amina, binti yangu. Kaa.

—Damu ya Bi Ihsan bado tumeihifadhi kwenye friza, ami. Nimekuja kuomba idhini yako utafiti uendelee.

—Yeye aliitoa kwa moyo wake. Endeleeni.

—Na hili ni daftari lake. Kaandika yote: saa ya daku, saa ya kufuturu, uzito. Ila sehemu moja kaiacha tupu tangu mwanzo. Nilipanga kumuuliza wiki ile ile aliyofariki. Alikuwa akifuturu nini?

—Tende, alidakia Tramu. Nani asiyefuturu tende?

—Supu ya dengu, alisema Mizani. Dengu nilimuuzia mimi.

—Samahani, ami zangu. Namuuliza mumewe.

Haji Bayumi alifungua kinywa. Futari za Ramadhani alizikumbuka zote, meza imejaa watoto na kelele. Lakini Jumatatu na Alhamisi nyingine zote za mwaka, adhana ilimkuta hapa hapa, mwisho wa benchi, glasi mkononi. Akirudi baada ya isha alikuta sahani yake imefunikwa, na ya Ihsan imeshaoshwa, imeanikwa.

—Sijui, alisema.

Tramu alitazama viatu vyake.

—Tunaweza kuacha wazi, ami, alisema Radwa taratibu.

—Hapana. Andika kwamba alifuturu peke yake.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Adhana ilipoanza, Haji Bayumi aliiweka chini kahawa yake, haijafika nusu, akashika njia ya nyumbani, akiomba moyoni:

Ee Mola, mrehemu Ihsan. Jioni zile zote Wewe ulikuwa naye, na Wewe unajua alichokula. Mkirimu huko aliko, na siku utakayoniita, nijalie nafasi mezani kwake. Amina.