Joto Limepanda: Maisha ya Binti Yetu Kwanini

Ndugu, jamaa na majirani, historia hii ilikuwa isomwe na mjomba wake, lakini ameshindwa na mwandiko wangu, kwa hiyo naisoma mwenyewe, mimi mama yake.

Marehemu alizaliwa nyumbani tarehe 4 Juni 1983, kabla mkunga hajavua koti, akiwa wa pili kati ya watoto watatu, na haraka hiyo hakuiacha tena, kwani alitembea akiwa na miezi tisa, na alipoanza kusema aliuliza "kwa nini" mpaka baba yake akamwita Kwanini, jina ambalo hata walimu walilichukua.

Alianza shule ya msingi mwaka 1990 na kumaliza sekondari mwaka 2002, nami niliitwa shuleni mara mbili kwa sababu ya redio ya mwalimu mkuu, ambayo aliifungua na kuifunga tena huku skrubu zimebaki, kisha akasoma chuo kikuu, na Oktoba 2009 akaajiriwa katika maabara aliyofanyia kazi hadi mwisho.

Huko alisaga unga wa chuma na madini mengine, akaufunga ndani ya mirija ya kioo, akauchoma kwenye tanuri siku kadhaa, kisha akaupoza sana, kwa sababu vipo vitu ambavyo vikipozwa hivyo hupitisha umeme bila kupoteza hata chembe, na wataalamu waliamini chuma hakiwezi, kwa kuwa usumaku wake huharibu mambo, kumbe kinaweza, naye akataka kujua chanzo chake. Nyuzi mia mbili na ishirini chini ya sifuri wao huziita joto la juu, kwa kuwa vitu vingine vya aina hiyo huhitaji baridi kali zaidi, nami nilimwambia aninunulie sweta la joto hilo. Kila sampuli yake ilipofaulu bila kupozwa sana kama ile ya kabla yake, alinitumia ujumbe uleule, "Mama, joto limepanda," nami nikamjibu, "Hongera."

Tarehe 18 Agosti 2012 alifunga ndoa na fundi wa majokofu, akatoka ukumbini mara moja kwenda kuangalia tanuri, akarudi na unga mweusi kwenye mkono wa gauni, na tarehe 2 Februari 2014 wakapata binti, ambaye naye hakai chini.

Jumatatu tarehe 11 Machi 2024, saa nne asubuhi, nikiwa nafua, aliniandikia, "Mama, joto limepanda," nikajibu, "Hongera mwanangu, msiache," nikaendelea kufua. Ilikuwa homa. Alianguka kazini siku ya pili, mume wake akamkimbiza hospitali, wakakuta maambukizi ya figo yameshaingia kwenye damu, na nilipofika wodini alikuwa anamwambia nesi, "Huyu ndiye aliyenipongeza kwa kuumwa," akacheka mpaka akakohoa. Alifariki Jumamosi tarehe 16 Machi, saa nane mchana, akiwa ametuuliza mara tatu kama tanuri limezimwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kutulelea mjukuu, na wenzake wa maabara, ambao wameniambia tanuri bado linawaka na chanzo cha chuma kuweza bado wanakibishania.

Kwanini, ile hongera ya Jumatatu naifuta, zile nyingine zote zibaki. Sasa kaa chini, mwanangu, upumzike.