Bibi wa Ukurasa wa Tisa

Ndani ya basi la San Antonio, Ximena alikuwa akiipitia kwa mara ya mwisho michoro ya kitabu chake cha watoto, Kihispania juu, Kiingereza chini. Mama mtu mzima aliyeketi kando yake, kapakata mfuko wa maganda ya mahindi, alikuwa akikisoma naye bila kukaribishwa.

"Mwanangu, huyu bibi wa ukurasa wa tisa kafiwa?"

"Hapana, mama. Anafunga tamales za Krismasi, unga wa mahindi na nyama ndani ya maganda kama hayo yako."

"Peke yake? Basi kagombana na ukoo mzima. Mawifi wako wapi? Tamales bila umbea haziivi."

Ximena akacheka. "Ukurasa ni mdogo, mama."

"Basi chora jiko dogo zaidi. Lugha umeweka mbili, na wa kuzungumza naye hayupo hata mmoja."

"Huyo ni bibi yangu mwenyewe. Nimemchora kama nilivyomwona Krismasi iliyopita, anafunga peke yake."

Basi likasimama. Mama akainuka na mfuko wake, akafika mlangoni, kisha akageuka.

"Kama ulimwona, basi ulikuwepo. Mikono yako ilikuwa wapi?"

Ximena akaitazama. Ilikuwa imeshika penseli, kama Krismasi ile.