Kuliaga Jiko la Kuni

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wa bodi, mwalimu mkuu, walimu, wazazi, wanafunzi, na ninyi wapishi wenzangu mliosimama huko nyuma kana kwamba sherehe si yenu: hamjambo?

Leo mmekuja kuzindua jiko la umeme wa jua na kumuaga mpishi mkuu, dada yangu wa tumbo moja. Alipaswa kusimama hapa yeye. Mnamwona pale kwenye kiti. Akisema maneno matatu, la nne linabaki kifuani. Kwa hiyo amenituma mimi, mdogo wake, nimwombee jambo moja, nami sijui kuomba kwa upole. Mtanivumilia.

Tumesikia hotuba nzuri kuhusu misitu, hewa na vizazi vijavyo. Nimepiga makofi kwa moyo wote, maana kile kilima cha nyuma tulikichoma sisi, mti baada ya mti, mpaka kikabaki na upara. Lakini nauliza: mbona hakuna aliyemtaja mtu aliyekuwa akiuvuta ule moshi?

Mnayakumbuka madirisha ya jikoni? Moshi ulikuwa ukiingia madarasani, walimu wakalalamika. Sisi, kwa adabu zetu, tukayafunga. Ndiyo, tukajifungia humo ndani na masufuria yanachemka! Wala hakuna aliyetuamuru. Tuliona haya tu kuwasumbua. Mlituona na macho mekundu, mkatutania kwamba tumeamkia pombe, nasi tukacheka pamoja nanyi. Kila alfajiri dada aliwasha moto peke yake, akitufukuza: "Hebu tokeni nje nyie, mimi nimeshazoea." Alizoea kweli. Daktari ameyaona mapafu yake yalivyozoea.

Sasa, mwalimu mkuu ametangaza hapa kwamba yale majiko yetu ya kuni, yale ya chuma, kwa kuwa bado ni mazima, watapewa jirani zetu wa chekechea. Mkashangilia. Mimi nilimtazama dada, nikamwona analia. Jamani, mpishi wa chekechea ni binti yake! Moshi ule umemlisha, umemsomesha, na sasa unamuulia mama yake huku anamwona. Leo tumkabidhi na majiko yenyewe, tena kwa vigelegele?

Ombi la dada ni hili: majiko yale yakatwekatwe, yasiende kwa mtu yeyote. Na mitambo kama hii iliyo juu ya paa letu iwafikie na wenzetu wa chekechea. Mpaka siku hiyo, chakula cha watoto wale tutakipika hapa, kwenye jiko hili jipya, na tutakibeba wenyewe kwa mikono. Atakayetaka kunifukuza kazi kwa hilo, ajue nitakuwa njiani na sufuria.

Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Dada naye anawashukuru, ila mtamsamehe hatasimama kusema: pumzi iliyobaki, anamwekea binti yake.