Madirisha Yanayotembea

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe kitindamimba weka hiyo simu chini, mama yako hafi mara mbili. Sauti imenibakia kidogo na nataka kuitumia kugomba.

Cherehani ni ya kaka yenu fundi, asibishane naye mtu. Vyumba hivi viwili ni vya kitindamimba, akae humo, ila haviuzwi, na sababu mtaisikia. Sasa nageuka kwako, binti yangu mkubwa, mwandishi wetu. Usiangalie sakafu. Niangalie usoni.

Umeandika kitabu cha watoto juu ya safari yetu ya kukimbia vita. Kimesifiwa, kinasomwa mashuleni, nami nilitamba nacho mtaa mzima, mpaka mjukuu wangu aliponisomea ukurasa wa mwisho, pale mama anapompata mtoto aliyepotea mpakani, wanakumbatiana na jua linachomoza. Nikamwambia, rudia. Akarudia. Ni mama gani huyo? Mimi Chiriku wangu sijampata! Mdogo wako yule mwenye maneno mengi, mkono wake ulichomoka mkononi mwangu katika msukumano wa darajani, nikasukumwa ng'ambo na huyu kitindamimba mgongoni, askari wakafunga lango, na mpaka leo sijui yuko wapi.

Nilipokuuliza ukanijibu kwa upole wako wa kisomi, "Mama, ni kitabu cha watoto. Tukiacha vile ilivyokuwa wataogopa, hawatalala." Na wa kwangu alilala wapi? Ukasema mchapishaji ndiye aliyetaka. Mchapishaji alikuwepo darajani?

Chumvi katika hadithi ningeivumilia. Lakini hebu fikiri. Chiriku kama yu hai ni mtu mzima sasa, labda ana watoto, labda anawasomea kitabu hiki hiki. Anafika mwisho, anaona mama amekwisha kumpata mwanawe. Atasema, kumbe si sisi, hawa ni watu wengine. Atakifunga. Umemfungia lango mara ya pili, mwanangu, na safari hii hakuna askari wa kumlaumu.

Na nguo je? Asubuhi ile tunaondoka niliteremsha pazia la sebuleni, la njano lenye ndege weusi, nikawashonea nyote nguo za kitambaa kimoja ili nikigeuka kwenye umati niwaone, nami nikajifunga kilichobaki kichwani. Watu na shida zao walitucheka, wakatuita madirisha yanayotembea. Wewe mwenyewe ulilia hutaki kuvaa pazia. Leo mchoraji wako amewavika huyu bluu, yule waridi, eti ukurasa upendeze! Kitu ambacho mdogo wako hawezi kukisahau ndicho mlichokifuta.

Umesema kitabu kinachapishwa upya. Basi, fundi, fungua droo ya cherehani. Hicho kitambaa cha njano mpe dada yako. Ndio urithi wake, sina kingine cha kumpa. Binti yangu, mpelekee mchoraji, achore ndege walivyo. Lile kumbatio litoke. Achore mama amesimama ng'ambo, pazia kichwani, analitazama daraja, na wewe uandike: Chiriku, bado tunakutafuta. Chini yake weka mahali ilipo nyumba hii. Ndiyo maana haiuzwi. Mchapishaji akikataa, mwambie akamtafute mwandishi mwingine. Watoto wakilia, waacheni walie kidogo, mama zao wako karibu.

Maji... hapana, nilowesheni midomo tu. Sijamaliza. Usiniombe msamaha, binti yangu, nitakusamehe kitabu kikitoka, nami huko niendako nitajua. Na usifute machozi kwa pazia langu.

Shikaneni mikono. Kazeni... hivyo. Mungu awakuzie watoto wenu mbele ya macho yenu. Baraka yangu ni moja, nimeikata kama kitambaa kile, vipande vinne sawasawa. Hicho cha nne... msigawane. Kiwekeni. Mwenyewe atakuja... kukichukua.