Mama Selpha na Nguruwe Waliotetemeka

Tarehe 31 Desemba 1977, Mama Selpha Obiero atarudisha funguo za maabara yetu ya magonjwa ya mifugo hapa Eldoret, baada ya miaka ishirini na minne na miezi tisa ya kazi. Ofisi iliniletea sentensi mbili nizipige chapa kwenye programu hii ya kumuaga. Zilisema alikuwa mfagizi mwaminifu na kwamba sakafu zetu ziling'aa. Ni kweli, ziling'aa. Lakini nimezikataa sentensi hizo, na anayetaka kunifuta kazi kwa ajili hiyo anajua ninapokaa: meza ya kwanza mlangoni, nyuma ya taipureta.

Selpha alikuja kutoka upande wa Ziwa, akaajiriwa kufagia na kuosha vioo vya hadubini. Mzungu aliyekuwa akikata vipande vya ubongo na maini vya kutazamwa kwenye hadubini alifunga virago mwaka 1962 bila kumfundisha mtu. Selpha alikuwa amemtazama miaka tisa, ufagio mkononi. Siku moja aliuegemeza ukutani, akaketi kwenye mashine ya kukatia, akakata. Kipande kilitoka chembamba, bila hata mkunjo. Tangu siku hiyo kila kipande kilichotoka hapa kilikatwa na yeye, na cheo chake kikabaki mfagizi. Bendera ilibadilishwa, majina ya barabara yakabadilishwa, wakubwa wakapokezana viti. Kwenye faili ya Selpha hakuna aliyebadilisha hata herufi.

Siri yake ilikuwa pumzi. Ubongo hugandishwa ndani ya nta kabla ya kukatwa, na nta ikiwa ngumu hupasuka, kwa hiyo aliiinamia, akaipumulia polepole ilainike, ndipo akakata. Mgeni mmoja kutoka Nairobi alimwona, akavua kofia akidhani mama anaiombea. Tulicheka wiki nzima.

Sasa nguruwe. Mwaka 1968 kampuni ya wanahisa ilinunua shamba la Mzungu kule Ainabkoi, na Mama Nyaguthii, mmoja wa wanahisa, akapata upande wenye mabanda ya nguruwe. Pamoja na mabanda walirithi desturi: Jumamosi ya kwanza ya mwezi, wanyama wote wananyweshwa dawa ya minyoo. Kopo lilikuwa na onyo moja tu: Isipewe wanyama wachanga. Wanahisa walilitii. Vitoto vilifungiwa pembeni, mama zao wakanyweshwa, wenye mimba na wasio na mimba.

Mwaka uliofuata vitoto vikaanza kuzaliwa vikitetemeka. Havikuweza kusimama wala kushika chuchu, na vingi vililaliwa na mama zao vikafa. Majirani walisema Mzungu aliiacha ardhi na laana. Mkuu wetu wa wakati huo, ambaye nimeombwa nisimtaje, alisema ni ufugaji duni, kwamba hawa wenye hisa wanapandisha ndugu kwa ndugu. Hakuwahi kukanyaga Ainabkoi. Wala sitaona vigumu kutomtaja, kwa maana na yeye hakumtaja Selpha.

Aliyekwenda ni Selpha, siku yake ya mapumziko. Alirudi kwa treni na kitoto kimoja kinachotetemeka amekifunga mgongoni kwa leso, na mama aliyeketi naye akamuuliza mtoto ana miezi mingapi. Alijibu kwamba ana siku mbili na ni mgonjwa, na hakusema uongo.

Kitoto kilikufa siku iliyofuata. Selpha alikata ubongo wake, na wa kitoto kizima, akaviweka vioo sambamba, akatuita. Mimi si mtaalamu, lakini niliona. Ule ubongo mdogo wa kisogoni, unaomwezesha mnyama kusimama na kulenga hatua, ulikuwa umedumaa. Pale ambapo seli zilipaswa kusongamana, zilikuwa chache, kama shamba la mahindi ambalo mpandaji ameruka mistari. Seli hizo hazikuzaliwa zikafa. Nyingi hazikupata kuzaliwa.

Kwa nini? Nyaguthii alikuwa na kalenda ya kanisa ukutani, na kila dume alipoingizwa kwa jike alitia alama ya mkaa juu ya tarehe. Selpha alinakili alama zote, akazilinganisha na zile Jumamosi za dawa. Majike kumi na wanne. Sita walinyweshwa mimba ikiwa kati ya siku ya hamsini na tano na ya sabini, na wote sita walizaa vitoto vya kutetemeka. Wanane ambao dawa iliwakuta kabla au baada ya hapo tu walizaa vizima, vya dume yuleyule.

Aliipeleka karatasi kwa mkuu. Mkuu alimsomea lile onyo la kopo kwa sauti, neno kwa neno, akasema wakulima wamelifuata na dawa haina kosa. Nilikuwepo, nikiandika imla. Selpha alisimama na ndoo yake akamwambia: "Daktari, kwani huyu wa tumboni si ndio mchanga kuliko wote?"

Mkuu alimwambia akamalizie veranda.

Miezi minane ilipita. Miezi minane, waheshimiwa wageni, karatasi ikiwa kwenye droo. Nyaguthii alizika vitoto kumi na tisa zaidi, na wanahisa wenzake wakamshauri achinje majike wote. Nina hasira hadi leo na sioni aibu kuisema mbele ya keki. Hatimaye mkuu akajaribu dawa kwa majike wawili wa maabara, akaona vitoto vyao vikitetemeka, na mwaka 1971 akatoa ripoti ya Kiswahili kwa wakulima. Ukurasa wa tisa unasema: Mhudumu mmoja alisaidia kuosha vioo.

Niliipiga chapa mimi. Niliuliza kama jina limesahauliwa, nikaambiwa nipige kama ilivyoandikwa, nikapiga. Hasira yangu nyingine ni ya vidole hivi.

Kopo la leo limeongezwa maneno: wala walio tumboni. Liko dukani Ainabkoi, liko Sugoi, liko Kapseret. Nyaguthii bado anafuga, na vitoto vyake vinakimbia hovyo mpaka anavilalamikia.

Mama Selpha, tunakushukuru, na tunakuombea uzee wa miguu imara na usingizi mzito huko nyumbani Ziwani. Ofisi itakupa saa ya ukutani. Tushukuru kwamba si ufagio. Zawadi yangu ni nakala ya ile ripoti. Jana niliitoa maktaba, nikafungua ukurasa wa tisa, nikafuta "Mhudumu mmoja" kwa wembe, kisha nikauingiza ukurasa kwenye taipureta. Niliogopa jina lako halitaenea kwenye nafasi iliyobaki. Nikahesabu herufi: kumi na mbili kwao, kumi na mbili kwako. Nikapiga Selpha Obiero, likakaa sawasawa, kana kwamba nafasi ile ilikuwa yako tangu mwanzo.

Hulda Kituyi, mpiga chapa