Kandambili Chini ya Mguu wa Kitanda

Beatus, toa hiyo kandambili chini ya mguu wa kitanda. Nimekuambia tangu asubuhi, ukaitoa, nimefumba macho kidogo umeirudisha, unadhani sijui? Nimefanya useremala miaka hamsini na miwili, nikilala juu ya kitanda nilichokichonga mwenyewe najua kimekanyaga nini. Kiache kicheze. Halafu kaa hapa na dada yako Balbina mnisikilize wote wawili, maana padri ameshakuja na mafuta yake, ameshaondoka, na mimi bado sijatulia.

Kitanda hiki hakina kosa. Nilikikatia miguu kule chumbani, kwa sakafu ya kule, na kule kimesimama miaka ishirini bila kutikisika. Ninyi ndio mmekihamishia sebuleni ili wageni wanione vizuri ninavyokufa. Mkishanizika kirudisheni kule kule, kila mguu kwenye alama yake. Msumeno, randa zote mbili na lile bakuli la bati ninalopimia, nampa Balbina. Usigune, Beatus. Wewe unapima kwa simu, na simu inasema kweli, ila dada yako akiingia nyumba ya mtu anavua viatu kwanza, anaisikia sakafu kwa nyayo kabla hajagusa msumeno. Wewe chukua kibanda cha kazi na mbao za mninga zilizoko darini. Shamba la mpunga limeni pamoja, msiweke mpaka katikati. Hayo yameisha. Sasa sikieni hili linalonigeuza ubavu huu na ule tangu juzi.

Mnajua nyumba za zamani za hapa Lumemo tulivyozijenga. Mto ukifurika unaingia ndani, kwa hiyo sakafu tuliiinamisha makusudi ielekee mlangoni, ili maji yakipungua uyasukume kwa ufagio yatoke. Basi meza ya nyumba kama hiyo huwezi kuikata miguu sawa. Unaipeleka na miguu mirefu, unaisimamisha pale itakapokaa, unaweka bakuli la maji juu yake, unaingiza vipande vya mti chini ya miguu mpaka maji yalingane na ukingo pande zote, ndipo unachukua kibao na penseli, unazungusha alama kila mguu, unakata. Miguu ya upande wa mlangoni inabaki mirefu kuliko ya ukutani. Ndivyo nilivyomfanyia bibi yenu Agnella meza yake ya kulia, tofauti ya kidole kimoja na nusu, na mgeni akiingia haoni kitu, anaona meza tu imetulia. Mama alikuwa anajaza kikombe uji mpaka juu kabisa, anakiacha mezani, ananiita nije nione haujamwagika, anacheka peke yake.

Alipofariki, siku ya kugawana vitu vyake, baba yenu mkubwa Evaristo alikuja na guta akaipakia ile meza. Yeye ndiye mkubwa, ilikuwa haki yake. Lakini hakuniuliza mimi niliyeitengeneza, hata neno moja. Nilisimama mlangoni nikiwaangalia wanafunga kamba, na nilijua anaipeleka Katindiuka, kwenye nyumba yake mpya yenye sakafu ya saruji iliyonyooka. Seremala yeyote wa huku, meza ikihama nyumba, anaifuata na msumeno wake. Ndiyo desturi yetu, hatuitwi, tunakwenda. Mimi sikwenda. Nilinyamaza nikasema moyoni, atanitafuta mwenyewe.

Hakunitafuta. Akaweka vipande vya tofali chini ya miguu mifupi, kama wewe na kandambili yako, akatandika kitambaa. Siku walipokuja wazee kumposa binti yake Edna, mmoja akagusa meza kwa goti, tofali likachomoka, na bakuli zima la mchuzi wa kuku likawateremkia mapajani. Waliondoka bila kula. Kesho yake Evaristo alisimama pale barabarani akapiga kelele kwamba nilimharibia meza kwa husuda, nimuaibishe mbele ya wakwe. Nami nikamjibu kwamba meza yangu haina kosa, kosa liko kwenye macho yake. Miaka kumi na moja sasa. Edna aliolewa mwaka uliofuata, sikualikwa. Kanisani yeye anatokea mlango huu, mimi ule. Na ninyi mmekua mkijua kwamba baba mkubwa alinionea, kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia.

Si kweli. Nilijua tangu kamba zinafungwa kwamba kule itacheza. Namwonea aibu, wanangu, na namkumbuka kila siku. Padri amenisamehe, sawa, lakini si padri aliyemwagiwa mchuzi.

Nasikia meza ipo bado, nje, kibarazani, kuku wanalala juu yake. Mtu aliyekasirika kabisa angeshaipasua kuni. Balbina, inuka. Chukua msumeno na bakuli, washa pikipiki uende sasa hivi, usingoje mvua ipite. Mpe shikamoo yake kwa magoti, kisha mwambie neno hili bila kulipamba: baba anasema alijua, akanyamaza. Akikufukuza, ngoja hapo nje. Akikuruhusu, iingizeni ndani, yeye mwenyewe atazame bakuli, wewe ukate miguu mirefu tu, mifupi usiiguse. Itakuwa chini kidogo kuliko ilivyokuwa, si neno, hata sisi tumepungua. Chakula cha msiba wangu kiliwe juu ya meza hiyo. Kisha mwambie aje.

Nenda, mama. Nenda.

Beatus, nipe maji... basi, yanatosha. Mungu awape nyumba ambazo mtu akiweka kikombe anakikuta alipokiweka. Awape kuulizana kabla ya kubeba kitu. Mimi nimewasamehe yote, na ninyi mnisamehe uongo wangu... Pikipiki imewaka? Siisikii. Ah. Ndiyo hiyo.

Sogea, mwanangu, sauti inakwisha. Tangu jana naona ukungu mtupu, sikutaka kuwaambia. Wewe hapo ni kivuli tu. Evaristo akija, asipotaka kusema, asiseme. Usimpe kiti. Akae hapa kitandani, upande wa miguu yangu, kama alivyokuwa akikaa tulipokuwa wadogo nikiumwa homa. Ni mzito, kitanda kitashuka upande wake... nami nitajua kaka amekuja.

Kwa hiyo itoe, Beatus. Iko chini ya mguu bado, naisikia... Itoe.