Waridi la Mama Ochola

Benchi la Dinah, muuza kahawa, liko Kitengela, nje ya agrovet, pale ambapo malori ya Namanga hupunguza mwendo kwa sababu ya matuta. Jumamosi hiyo wenyewe walikuwa wamekaa mapema: Brayo, anayeuza dawa za ng'ombe hapo agrovet na kwa hiyo huitwa Daktari, Ngigi, anayeitwa Landlord kwa sababu ana ploti Kisaju, ambayo mpaka leo imeotesha nyasi tu, na Ochola, karani anayeenda kazini Nairobi kila siku, anayeitwa Serious kwa kuwa mzaha haumwingii. Siasa waliiacha siku hiyo. Wote waliinamia mkebe wa rangi ulio kando ya jiko la Dinah, na ndani ya mkebe, kijiti kimoja cha waridi.

Na msicheke, kijiti hicho hakikuwa cha mchezo. Mama yake Ochola alizikwa kijijini kwao Ugenya mwezi wa tano. Udongo wa kaburi haujashikana vizuri, kaka mtu akafyeka mawaridi yote ya mama apate mahali pa kuegesha gari. Gari, jamani! Ochola aliokoa vijiti sita, akavifunga kwa gazeti lililoloa, akavipakata safari nzima. Vitano vikakauka. Hiki cha mwisho akakileta kwa Dinah, maana kwake, ghorofani hapo karibu, jua haliingii. Disemba familia inakutana kuweka msalaba kaburini, na Ochola ameapa atapanda waridi la mama hapo, kaka yake akiangalia.

— Wiki tatu, hata jani moja hakuna, — alisema. — Lakini hii itashika. Lazima.

— Weka aspirin, — Daktari akasema. — Mbili asubuhi, mbili jioni.

— Daktari, hii ni waridi. Haina homa.

— Basi asali.

— Wacheni uongo, — Landlord akaingilia. — Shida ni hii udongo nyeusi ya Kitengela. Haitaki kitu haina miiba. Niulize mimi, mtu wa ploti.

— Landlord, waridi iko na miiba.

— Bado haijakomaa. Udongo haijaiona.

— Ni maji ya borehole, — Dinah akasema akimimina kahawa. — Chumvi tupu. Imemaliza sufuria zangu tatu.

— Mimi naipea ya chupa, — Ochola akasema.

Benchi likamtazama kwa heshima. Ochola mwenyewe hunywa ya mfereji.

— Nimejua! — Landlord akaruka. — Hii kitu imeshikwa na upweke. Imezaliwa Ugenya, imezoea Kijaluo. Hapa inasikia nini? Lori za Namanga na Kikuyu yangu. Isalimie!

— Nisalimie kijiti?

— Mimea inasikia, bana, — Daktari akaunga mkono, sura kavu kama ya profesa. — Hiyo iko hata kwa internet.

Ochola hakucheka. Mtu aliyemzika mama yake juzi hana haja na aibu. Akachuchumaa mbele ya mkebe, akavua kofia.

— Oyawore, — akakiamkia kwa Kijaluo. Akataka kuendelea, akaishia kuikunja kofia mikononi. Wenzake wakageuka wote kutazama barabara, kana kwamba hawajawahi kuona lori.

Hapo ndipo akatokea mwanamke mmoja mwenye gumboots, ametoka zamu kwenye greenhouse za maua huko Kisaju.

— Sopa.

— Ipa, — wakaitikia salamu hiyo ya Kimaasai.

— Mimi ni Naisula. Niwekee kahawa, mama. Na huyu, mbona amevulia mkebe kofia?

Dinah akamweleza yote, kuanzia kaburi hadi aspirin. Naisula akasikiliza bila kucheka. Kazi yake, akasema, ni hiyo hiyo, kupanda vijiti vya waridi, miaka tisa sasa. Akaweka kikombe chini, akabonyeza udongo wa mkebe kwa kidole. Kidole kikazama chote.

— Mchanga imelegea sana. Nani hapa hajawahi kuing'oa aangalie mizizi?

Daktari akapata kazi ya kukoroga kahawa isiyo na sukari.

— Mimi mara moja tu, — Dinah akasema mwishowe. — Nikifagia.

— Mimi ni Jumatatu, — Daktari akasema. — Ile Jumatatu ya kwanza. Na ya pili.

— Mimi saa ya lunch, — Landlord akasema. — Si kila siku. Karibu kila siku.

Macho yakamgeukia Serious.

— Kila asubuhi, — Ochola akasema polepole. — Kabla niende job. Hata zile tano kwa nyumba. Nilikuwa nataka tu kuona kama iko hai.

Moyo ulimuuma, mwacheni tu. Hakuna dawa wala chumvi iliyoua zile tano. Ni mikono yake, na pupa ya mtoto anayemtaka mama yake.

— Mizizi ikianza ni laini kama uzi, — Naisula akasema. — Ukivuta, imekatika. Inaanza upya.

— Sasa si tuangalie mara ya mwisho, — Daktari akasema, — tujue mahali tumefika?

Mikono miwili ilishanyooshwa. Ochola akasimama katikati.

— Hakuna mtu ataguza!

— Hata wewe, — Naisula akasema.

Ochola akaukandamiza udongo vizuri kwa ngumi. Vidole vikabaki pale ukingoni mwa mkebe, vinataka kuvuta.

— Hata mimi, — akasema, akarudi benchi akakalia mikono yake. Kahawa yake ilibidi Dinah amshikie.